Telematch, Minazi Saba na Ushahidi wa Bibi

Ukitaka kuwagombanisha watu wazima wa Likoni bila kutaja siasa wala mpira, uliza swali moja tu: kwenye Telematch, wale watu wa vichwa vikubwa walivaa rangi gani? Hutasubiri jibu. Mmoja atasema nyekundu. Mwingine atasema wewe hujui kitu, zilikuwa kijani na manjano, na yule aliyekuwa akitumbukia majini kila wiki ndiye alikuwa na buluu. Wa tatu ataapa. Kwetu Shika Adabu nimeusikia ubishi huu kwenye maskani ya bodaboda, nimeusikia matangani, na mara moja ndani ya feri, ukaanza tulipong'oa nanga upande wa kisiwani na haukuisha hadi tuliposhuka Likoni na kila mtu kushika matatu yake.

Jambo ambalo wabishi hawa karibu wote hulisahau ni kwamba tivii zao zilikuwa Great Wall. Inchi 14, nyeusi na nyeupe, zikitumia betri ya gari iliyobebwa kwa mkokoteni kwenda kuchajiwa. Nyumba nyingine ziliweka mbele ya kioo karatasi ya plastiki ya rangi rangi ili picha ipate uhai, kwa hivyo juu kukawa buluu kila saa, hata kama kinachoonyeshwa ni watu wamekaa sebuleni. Ile nyekundu wanayoigombania leo waliitia wenyewe, baadaye, wakiwa hawajui kwamba wanaitia.

Kwa nyinyi mliozaliwa na rimoti mkononi: Telematch ulikuwa mchezo wa Wajerumani. Huko kwao ulitokana na Spiel ohne Grenzen, yaani mchezo usio na mipaka, ndugu wa ule wa Ulaya uitwao Jeux sans frontières ulioanza mwaka 1965. Inasemekana wazo lilikuwa la Charles de Gaulle, aliyetaka vijana wa Ufaransa na Ujerumani wakutane kwa jambo lisilo bunduki. Kampuni ya Transtel ya mjini Köln ikavichukua vipindi hivyo, ikavitia mtangazaji wa Kiingereza, ikavisambaza kwenye nchi changa. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Football Made in Germany. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka KBC, ikaturushia sisi. Miji midogo ya Kijerumani ikishindana kubeba ndoo za maji juu ya mbao zilizopakwa sabuni, watu wakiwa ndani ya mavazi makubwa kama nyumba ya kuku. Hakuna aliyeijua hiyo miji. Hakuna aliyejali nani kashinda. Mtu akianguka hahitaji mkalimani.

Miaka imepita na kila mtu ana Telematch yake. Kuna jamaa mmoja pale stejini husema Kenya iliwahi kupeleka timu, ikashindwa kwa hila. Kuna wanaouchanganya na Omo Pick a Box, ile ya KBC iliyokuwa na masanduku na sabuni, mpaka unawasikia wakisimulia Mjerumani mwenye kichwa kikubwa akikabidhiwa katoni ya Omo. Mimi huwaacha. Ni raha, na haina gharama.

Nataka kuzungumzia siku ambayo ilikuwa na gharama, pale Telematch ilipofikishwa kwenye kikao cha ukoo ikawa ushahidi.

Nyumbani kuna minazi saba upande wa kisima. Kama wewe si wa Pwani huenda usione tatizo liko wapi: si minazi iko shambani, na shamba lina mwenyewe? Lakini kwetu mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu ana kiwanja, mwingine ana minazi iliyosimama ndani yake, na wanajuana, wanaheshimiana, miaka nenda miaka rudi. Mambo hubadilika anapokuja mnunuzi. Tangu barabara ya Dongo Kundu ianze kujengwa, kila pembe ya upande huu wa kusini imepata bei, na mnunuzi wa leo hataki kusikia habari za mti wa shangazi ya mtu. Anataka kiwanja kitupu na saini chache.

Bibi yangu, mamake baba, amesema siku zote kwamba babu alimpa shangazi ile minazi. Hakuiacha kwa wasia, alimpa akiwa hai na mzima wa afya. Na kila akisimulia husimulia hivi: ilikuwa jioni, wamekaa ukumbini, Telematch inaendelea, mtu wa kichwa kikubwa akateleza akaanguka na ndoo yake, babu akacheka hadi akashika mbavu, akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi, ndipo akasema, "Ile minazi saba ya kisimani ni ya huyu mtoto, asije mtu akamsumbua." Nimekua nikiisikia hadithi hii. Sisi wajukuu tulikuwa tukiiomba kama watoto wengine wanavyoomba hadithi za sungura, na tulichokuwa tukikingojea ni kile kicheko, wala si minazi.

Siku ya kikao Ami, ndugu mkubwa wa baba, alikuja na karatasi. Ilikuwa risiti ya ile Great Wall, imekaa miaka yote ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na kadi za kliniki na picha za pasipoti. Mwaka ulikuwa 1991. Babu alifariki 1988. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Na asiseme mtu kwamba pengine walitazama kwa jirani: babu alikuwa mtu wa haya, kukalia kochi la watu hadi usiku kwa sababu ya tivii aliona ni fedheha, na hilo Bibi mwenyewe ndiye aliyetueleza.

Ami akaiweka risiti mezani, akaisawazisha kwa kiganja, akasema: "Basi hiyo ni uongo."

Bibi hakuitazama risiti. Alimtazama mwanawe. "Kwa hivyo wanambia sikukaa na mume wangu? Basi nilikaa na nani?"

Mimi nilikuwa pale kwa sababu nina laptopu, nimeitwa niandike muhtasari. Vidole vilisimama. Tangu siku hiyo swali la Bibi limekataa kunitoka, na naona lina mambo mawili ndani yake ambayo sisi tumeyafunga kamba moja.

La kwanza ni lugha. Kiswahili chetu kina neno uongo, na neno hilo hubeba mizigo miwili. Jambo lisilo kweli ni uongo. Na tendo la kudanganya ni uongo pia. Mwanafunzi akiambiwa sentensi hii ni kweli au uongo, hakuna anayemshuku kuwa tapeli. Lakini mwanamke wa miaka themanini na kitu akiambiwa mbele ya wakwe zake kwamba alilosema ni uongo, anachosikia ni: wewe ni muongo. Ami, nikimtendea haki, huenda alikusudia ule mzigo mwepesi. Bibi aliangushiwa ule mzito. Tungekuwa na neno tofauti la kila kimoja, nadhani kikao kile kingekwenda njia nyingine, ingawa sina hakika kama kingekwenda mbali.

Wanavyuoni waliona tofauti hii zamani, kwenye mlango wa viapo. Mtu akiapa kwa jambo lililopita huku anajua si kweli, hicho ni kiapo cha ghamusi, na dhambi yake ni kubwa. Lakini mtu akiapa akiamini ndivyo, kumbe sivyo? Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wanakiita laghwi na kusema hashikwi nacho. Kwa Imam Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata Pwani hii, laghwi ni lile wallahi linaloteleza ulimini bila nia, kama linavyoteleza mara hamsini kwa siku pale stejini. Wametofautiana katika kuchora mstari, lakini wote wanauliza kilichokuwa moyoni mwa msemaji kabla ya kumhukumu kwa kilichotoka mdomoni. Kikao chetu hakikuuliza.

La pili ni gumu zaidi. Tuseme tumekubaliana kwamba Bibi hadanganyi. Bado Telematch haikuwako. Je, minazi inaanguka pamoja na tivii?

Kuna msomi wa saikolojia wa Marekani aliyeitwa Ulric Neisser, mzaliwa wa Ujerumani, kama Telematch. Maisha yake yote alikumbuka vizuri mahali alipokuwa tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor: alikuwa mtoto wa miaka 12, amekaa anasikiliza mchezo wa besiboli kwenye redio, matangazo yakakatizwa, akakimbia kumwambia mamake. Alikaa na kumbukumbu hiyo miaka mingi kabla ya kugutuka kwamba Wamarekani hawachezi besiboli mwezi Desemba. Msimu huwa umekwisha. Naye ni mtaalamu wa kumbukumbu! Akaiandika kama mfano wa jinsi akili inavyotuchezea. Kisha mwaka 1986 watafiti wawili wakachimba, wakakuta kwamba mchana ule redio kweli ilikuwa ikitangaza mchezo, lakini wa futiboli ya Kimarekani, kati ya New York Giants na Brooklyn Dodgers. Majina hayo hayo yalikuwa pia ya timu za besiboli. Redio ilikuwako, mchezo ulikuwako, hata majina yalikuwako. Kilichopotea ni aina ya mpira.

Huyo huyo Neisser mwaka 1981 alichapisha uchunguzi wa ushahidi wa John Dean, wakili wa Rais Nixon, aliyesimama mbele ya Seneti mwaka 1973 akasimulia mazungumzo ya Ikulu kwa undani uliowashangaza watu, akaitwa kinasasauti chenye miguu. Baadaye ikajulikana kwamba Nixon alikuwa na kinasasauti cha kweli. Neisser akalinganisha. Kwa maneno yenyewe, Dean alikosea vibaya: fulani alisema hivi, hakusema, niliketi hapa, hakuketi. Lakini kwa kiini, kwamba rais alijua na alishiriki kuficha, alikuwa sahihi. Wakili aliyetaka kumvunja angeweza kumvunja kwa kila sentensi, na angekuwa ameivunja kweli.

Hapo ndipo wengi wetu tungependa kusimama, tupige makofi, tumpe shangazi minazi yake. Subiri. Kiini nacho huzuliwa. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake waliwasimulia watu 24 kisa cha wao kupotea dukani utotoni, kisa kisichowahi kutokea, kikidaiwa kutoka kwa jamaa zao. Takriban robo yao walikikubali, kwa ukamilifu au kwa kiasi fulani. Kwa hivyo mtu akinambia "Bibi anakumbuka kwa machozi, lazima iwe kweli", nitamwambia machozi yanathibitisha kwamba anampenda babu. Hayathibitishi minazi.

Mimi nina dhana yangu. Kabla ya Great Wall palikuwa na redio ya mkulima, ile ndogo ya betri, na ilikaa juu ya kistuli kile kile ambacho baadaye kilibeba tivii. Hilo halina mgogoro, hata Ami analikubali. Babu alikuwa mpenzi wa Je, Huu ni Ungwana? ya Leonard Mambo Mbotela, kipindi kilichoanza mwaka 1966, cha mwanamume mzaliwa wa Freretown, ng'ambo ile ya Kisauni, aliyekuwa akikuuliza kama ni ungwana kufanya hivi na vile. Watu walikuwa wakicheka na Mbotela hadi wakishika mbavu. Haishindikani kwamba babu alicheka mbele ya kistuli kile, akiwa na mkewe, kwa jambo la redio, akasema alichosema. Kisha akafa, tivii ikaja ikakaa palepale, na kicheko kikahamia kwenye kitu kilichokuwa kikichekesha zaidi. Mpira wa Neisser. Lakini hii ni dhana, na sikuiandika kwenye muhtasari.

Niliyoweza kuiona bila dhana ni ile risiti yenyewe: imetoka wapi, na kwa nini siku ile?

Nisaidieni kidogo, tutoke Likoni twende Marekani tena, kwa mchezo wa tivii uliosahaulika vibaya kuliko yote. Mwaka 1990 mwandishi Marilyn vos Savant alijibu chemshabongo kwenye gazeti la Parade. Uko kwenye mchezo, mbele yako kuna milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mtangazaji, anayejua kilicho wapi, anafungua mwingine na kukuonyesha mbuzi, kisha anakuuliza: wabadilisha? Vos Savant akasema badilisha, bahati yako inapanda hadi thuluthi mbili. Alipokea barua kama 10,000, nyingi zikimtukana, zikiwemo za maprofesa wa hesabu. Alikuwa sahihi. (Kwetu watu wangeuliza kwanza mbuzi ni wa aina gani.)

Chemshabongo hiyo inaitwa kwa jina la Monty Hall, mtangazaji wa Let's Make a Deal iliyoanza mwaka 1963, na mamilioni ya watu wanakumbuka ndivyo mchezo ulivyokuwa. Sivyo. Hall mwenyewe alihojiwa na New York Times mwaka 1991, akaeleza kwamba yeye hakufungwa na kanuni hiyo. Angeweza kufungua mlango au asifungue, angeweza kukupa pesa uondoke. Tena akaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo tamu: ikiwa mtangazaji hukufungulia mlango wa mbuzi pale tu ulipokuwa umechagua gari, basi kubadilisha ni kupoteza kila mara. Mbuzi ni yule yule, mlango ni ule ule. Kinachobadilisha maana yake ni sababu ya mtangazaji kuufungua.

Sasa rudi kwa Ami. Kiwanja anachokalia yeye hakina karatasi. Kilipimwa kwa kauli ya Bibi huyo huyo: kuanzia mkanju mkubwa hadi njia ya ng'ombe, kama babu alivyomwonyesha. Mkanju umeshakufa. Hakuna aliyekwenda kutafuta mkebe wa biskuti kuangalia kama njia ya ng'ombe ilikuwako mwaka ule. Katika kumbukumbu zote za Bibi zinazoishikilia familia hii, na ni nyingi, ni moja tu iliyofunguliwa mlango, na aliyeufungua alijua mbuzi yuko wapi. Risiti ni ya kweli. Tarehe ni ya kweli. Lakini ukipima kumbukumbu moja tu kati ya kumi, nayo ndiyo inayokugharimu wewe, ukimaliza kupima utakuwa umetuonyesha unachotaka, na kuhusu kumbukumbu ya mamako tutakuwa tumejua kidogo sana.

Mtu yeyote wa umri ule, ukifungua milango yote, utakuta mbuzi. Hata mtu wa umri wangu. Kwa hivyo kanuni inayosema shahidi akikosea kimoja tutupe vyote haitatuachia kitu. Itatupa minazi ya shangazi, na itatupa kiwanja cha Ami, na nusu ya mipaka ya Shika Adabu itabidi ichorwe upya na mtu asiyetujua.

Basi tutashika nini? Mimi nilichoshika ni mambo yasiyokaa kichwani. Zaidi ya miaka 30 shangazi ndiye aliyemwita mkwezi, ndiye aliyemlipa, ndiye aliyeuza. Mkwezi akiangua nazi za kisimani hesabu alimpa yeye, za kwingine alimpa Bibi. Na nyumba ya Ami, kila Ramadhani ilipokaribia, ilinunua nazi za shangazi. Ilinunua. Kwa pesa. Mtu hanunui chake. Nilipoliuliza hilo, Ami alisema alikuwa akimsaidia dadake, kwa kuwa hakuwa na mume. Inawezekana, na ni jambo jema, nalo ni gumu kulipima. Lakini ukinunua kitu kwa mtu kila mwaka, kuna ukumbusho unaujenga mikononi, na mikono haikutazama Telematch.

Naona kuna wasomaji wanaouliza: yote haya ya nini, si ungenyamaza tu? Bibi ni mkubwa, mwache na jioni yake. Jina la mtaa wenu lenyewe linaamrisha. Nimelifikiria hili sana, na jibu langu halitawapendeza wazee. Adabu inayosema mkubwa asisahihishwe haimlindi Bibi peke yake. Inamlinda Ami pia. Ndiyo iliyomfanya shangazi akae kimya kikao kizima, mikono mapajani, huku mali yake ikijadiliwa, maana kumjibu kakake mkubwa mbele ya watu ni utovu wa adabu. Nimeshaona watoto wa kike wakipoteza mengi kuliko minazi kwa ajili ya neno hilo. Kwa hivyo sitaki familia ambayo risiti haiwezi kutolewa mkebeni.

Lakini kutoa risiti kuna namna yake. Hebu fikiria Ami angeingia ukumbini jioni, peke yake, akaketi chini kwenye mkeka, akasema: "Mama, nimeona tivii tulinunua 1991. Sasa wewe na baba mlikuwa mwatazama nini?" Karatasi ni hiyo hiyo. Lakini hilo lingekuwa swali, na Bibi angekuwa na nafasi ya kutafuta, pengine akaikuta redio, pengine asiikute. Ile ya mezani, mbele ya wakwe, iliyosawazishwa kwa kiganja, haikumuuliza kitu. Ilimnyang'anya. Bibi hakulilia minazi, minazi si yake. Alilia jioni moja na mumewe, ambayo alikuwa nayo asubuhi na ikifika adhuhuri hana, na hakuna aliyefikiri kumpa kitu badala yake.

Na nyinyi wenzangu wa simu, ambao babu akitamka jambo mezani mmeshafungua YouTube chini ya meza, nawajua, nami nimo. Binamu yangu mmoja alitaka kumwonyesha Bibi vipande vya Telematch siku hiyo hiyo, eti aone rangi zenyewe. Nilimshika mkono. Siogopi rangi. Ila sikuona swali la Bibi ambalo video ile ingelijibu.

Muhtasari niliuandika usiku. Ami alitaka neno uongo liingie kama alivyolisema. Niliandika kwamba tivii ilinunuliwa 1991 na kwa hivyo jambo hilo halikusemwa wakati wa Telematch, kisha, kwenye mstari wake, kwamba Bibi anashuhudia lilisemwa. Mistari miwili, haikugusana. Chini yake nikaandika habari za mkwezi na za Ramadhani, na za mkanju na njia ya ng'ombe, ambazo hakuna aliyeniomba niziandike.

Asubuhi Bibi aliniita nimsomee. Alisikiliza hadi mwisho bila neno. Kisha akauliza kama nimeandika kwamba babu alicheka. Nikamwambia nimeandika.

"Na ndoo?"

Na ndoo pia.

Mnunuzi amepiga simu mara mbili. Kikao cha pili kimewekwa baada ya masika, na Ami ameombwa aje na shahidi wa mpaka wake.